Siku Bertrams Ilipozima Televisheni

Itangazwe kwa wakazi wote wa Bertrams, kwa majirani zao, na kwa wote wanaowatakia mabaya, kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na nne Septemba 2019, saa kumi kamili jioni, timu ya kandanda ya chuo cha ufundi cha mtaa huo iliingia katika historia.

Saa kumi na robo, mshambuliaji wake hodari, Pacifique, alikuwa amejibanza nyuma ya kabati la Mama Thérèse, na kiungo wake, Gustave, alikuwa chini ya kitanda.

Mambo yalikuwa hivi. Ligi ya vyuo ilikuwa inapangwa upya. Kundi la juu, linaloonyeshwa kwa setilaiti Afrika nzima, lilikuwa limebakiza nafasi moja, na waliokuwa wakiitaka ni wawili: Bertrams na La Rochelle, chuo cha mtaa mwingine wa jiji. La Rochelle walikuwa hawajafungwa msimu mzima. Bertrams walikuwa wamefungwa mara sita, mara moja na timu iliyokuja na wachezaji tisa.

Lakini watu wa televisheni hawakuuliza nani anafunga magoli. Waliuliza nani ana watazamaji. Mechi moja ya kila timu, iliyokwisha kurekodiwa, ingeonyeshwa kwenye stesheni ya jiji, na ving'amuzi vyenyewe vingepeleka hesabu ya nyumba zilizofungua.

Hapo Bertrams walikuwa wafalme. Jengo lao peke yake lilikuwa na vyumba mia moja na kumi, na ndani ya kila chumba televisheni ililia kuliko watoto. Kocha Ignace alipanda ngazi wiki nzima, akigonga kila mlango.

"Mukitaka mulale," aliwaambia. "Lakini mufungue. Mulale imefunguliwa."

Hakuwa anatania. Mkuu wa chuo alikuwa amemwambia kwamba timu isipopanda itavunjwa, na kibali chake cha kukaa nchi hii kilikuwa na kazi moja tu iliyoandikwa: kocha. Timu ikivunjwa, Ignace angerudi Uvira na mke wake na mapacha wao, ambao Kiswahili wanakisikia na kukijibu kwa Kizulu.

Basi saa kumi jengo zima likanguruma. Mama Thérèse, msusi, alikuwa amewakusanya watu tisa chumbani mwake na kuwapikia sambusa. Dakika ya nane, simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti: mwanaume, sauti imefunikwa, inahema.

"Banakuya, wanakuja! Wako na marungu, wamepita robot, zile taa za barabarani za stadium. Wanasikiliza kwenye milango. Wakisikia televisheni wanajua kuna watu, wanavunja. Zimeni! Zimeni zote!"

Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu maduka ya wageni yachomwe. Hakuna aliyetaka kusikiliza mara ya pili.

Mama Thérèse akazima. Juu yao ikazimwa nyingine, kisha nyingine, chumba hadi chumba, ghorofa hadi ghorofa, mpaka ukasikia maji yakipita kwenye mabomba. Mapazia yakafungwa. Simu zikazimwa. Mtoto wa Mamie, jirani aliyekuwa humo chumbani, alipoanza kulia, akapewa titi kabla hajafika silabi ya pili. Ng'ambo ya ukuta, Bakiri wa Tanga alikuwa akisoma dua, haraka, kama mtu anayeogopa haitaisha.

Pacifique alitetemeka kuliko wote. Kabati likatetemeka naye.

"Usiogope, mwanangu," Mama Thérèse alimnong'oneza. "Wewe hawakugusi. Mwaka huu wewe tutakuona kwenye kundi kubwa. Hata Bukavu watakuona."

Kabati likagonga ukuta.

Walikaa hivyo kwa muda wa karibu saa mbili. Kisha wakasikia miguu kwenye ngazi. Mtu mmoja, anakimbia, anasimama, anakimbia tena. Gustave, chini ya kitanda, alianza kuungama dhambi za tangu darasa la tatu. Mama Thérèse akashika pasi ya nywele, ya moto, kwa mikono miwili.

Mlango ukapigwa ngumi.

"Fungueni! Ni mimi, Ignace!"

Wakamfungulia. Shati lilikuwa limelowa jasho.

"Nyumba kumi na nne," alisema. "Nimekaa stesheni naangalia hesabu inashuka. Jengo zima, kumi na nne! Nafasi wamepewa La Rochelle. Mumenifanyia nini?"

"Tulikuwa tunakufa hapa, papa Ignace!" Mama Thérèse alisema. "Wanakuja na marungu, wewe unatuletea hesabu?"

"Nani anakuja? Nimepita stadium kwa miguu sasa hivi. Watoto wanacheza mpira barabarani."

Mama Thérèse akaweka pasi chini, polepole.

"Mimi ile sauti nilitumiwa na Mamie."

"Mimi nilitumiwa na Gustave," akasema Mamie.

Gustave akachomoza kichwa, utando wa buibui kwenye paji la uso. Aliangalia kila mtu chumbani, kisha akanyoosha kidole kwenye kabati.

Kwangu.

Nikatoka. Nikasema: Kocha, sauti ile ni yangu, nilifunika simu kwa soksi, na tangu siku za bweni ni mzaha ninaoumudu. Lakini safari hii sikuwa nacheka. Mimi jina langu ni Elisée. Pacifique ni kaka yangu, yuko Bukavu, ana televisheni, na huu ni mwaka wa pili anaitafuta diploma yake, ile niliyoingia nayo chuoni kwa jina lake.