Sahihi ya Kiilu

Nzilani alimwaga matapishi ya damu yaliyokuwa kwenye beseni kwa mara ya tatu tangu alfajiri, akalisuuza, akalirudisha chini ya kitanda cha Kiilu.

"Mama, keti kidogo," mzee wa kitanda jirani akamwambia. "Huyu mume wako ana bahati. Mimi tangu niletwe Jumapili sijaona hata mtoto."

Nzilani akatabasamu tu. Akamfuta Kiilu mdomo, akamnyooshea shuka.

Daktari Amin aliingia kwa haraka. Alikuwa mzaliwa wa Kitui mjini aliyesomea ng'ambo, na alikuja hospitali hiyo ya misheni kwa wiki moja tu, na vifaa vyake. Kesho angeondoka.

"Anakunywa pombe?"

"Mimi sijamwona akinywa hata siku moja."

"Utotoni alikuwa akioga mtoni?"

"Daktari, huku kwetu nani hakuoga mtoni?"

Amin akatikisa kichwa. Ni kichocho, akasema. Wale wadudu wa mtoni huharibu ini polepole, miaka na miaka. Damu ikikosa njia hujisukuma kwenye mishipa ya tumbo, nayo huvimba hadi ikapasuka. Kumpasua sasa ni kumuua. Lakini alikuwa na mpira mwembamba. Angeupitisha kwenye mshipa wa kinena hadi karibu na tumbo, ajaze kibaluni kidogo cha kuzuia damu, kisha amimine dawa ya kuifunga ile mishipa kabisa. Mwaka ule, 1996, hakuna mtu wodini aliyekuwa amesikia jambo kama hilo.

"Atapona?"

"Anaweza kufia mezani. Tukimwacha, Ijumaa hafiki. Mwenyewe hajitambui, kwa hivyo nataka sahihi ya mtu wake. Sasa hivi."

Sista Esha, muuguzi aliyeisimamia wodi hiyo kwa miaka mingi, alikuwa ameshika fomu. Alimtazama Nzilani, akafungua mdomo kama mwenye neno, akaufunga. Kisha akampa kalamu.

Nzilani akaipokea. Akifa, ni mkono huu. Alitazama huku na huku, hakuona wa kumwuliza. Akaitazama miguu ya Kiilu iliyopasuka kwa kulima, na kifua chake kilichopanda kwa shida. Akaandika jina lake herufi moja moja, kama alivyofundishwa darasa la ngumbaru.

Alingoja kwenye benchi nje ya chumba cha eksirei. Watu walipita: binti amemshika mama yake mkono, ndugu wawili wakibishana juu ya nauli ya kurudi. Hakuna aliyemwuliza lolote. Aliomba kimoyomoyo kwa Kikamba, na maneno yalipomwishia akabaki kulitaja jina, "Kiilu, Kiilu," kama mtu anayejifunza kulitamka.

Baada ya saa mbili na nusu Amin alitoka, shati limelowa jasho.

"Mishipa imefungika. Mama, umefanya vizuri."

Hapo ndipo alipolia. Alilia hadi Sista Esha akaja kuketi naye, akamshika bega.

"Leo nenda nyumbani ukalale."

"Nikafanye nini huko, Sista?"

Esha akainuka. Akamletea blanketi.

Siku mbili zilizofuata Kiilu alilala tu, lakini damu haikurudi tena. Siku ya tatu asubuhi alifumbua macho. Nzilani akamwinua kichwa, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko hadi kikombe kikafika nusu. Muda wote huo Kiilu alikuwa akimtazama, kama mtu anayetafuta sura anayoijua kwenye umati.

"Asante, mama," akasema, sauti ikiwa nyembamba. "Lakini mimi sina mke. Wewe ni nani?"

Nzilani akaweka kijiko chini.

"Naitwa Nzilani, wa Matinyani. Mume wangu ndiye alikuwa kwa kitanda hiki kabla yako. Tulimzika Jumamosi iliyopita. Jumatatu nikajikuta nimekuja tena."