Mkwezi wa Mwisho

Magoti ya Mzee Dadi yalikufa ganzi akiwa juu ya mnazi, chini kidogo ya makuti. Mtaa mzima ulikuwa umebaki na mkwezi huyo mmoja, naye alishapita miaka sabini.

"Mwanakheri, siwezi kushuka!"

Mkewe alipiga mayowe. Majirani wakaja, kila mmoja na mkongojo wake. Wanne walishika ngazi ya msikitini, wakaiinua hadi usawa wa magoti, wakaitua huku wakihema.

"Mimi ningepanda," alisema Mzee Ngwali, "lakini mtanizika leo leo."

"Akuzike nani?" Bi Mwanakheri alimkatiza. "Nani hapa ana nguvu za kuchimba kaburi?"

Kisha akampigia simu mwanawe aliyehamia mji mkuu.

"Mama, niko kazini. Natuma hela sasa hivi, tafuteni kijana mumlipe."

"Kijana yupi, Shaame? Vijana wa hapa si ndio nyinyi mlioko huko?"

"Mtafuteni tu, Mama. Hela isiwe shida."

Hela ziliingia upesi, nyingi kuliko alizowahi kutuma. Bi Mwanakheri aliitazama simu, kisha akatazama juu.

Mumewe alikuwa amefungua shuka yake kiunoni, amebaki na kaptula. Aliizungusha kwenye mnazi na mwili wake, akakaza fundo. Kisha akalaza shavu kwenye shina, kama mtoto aliyebebwa mgongoni, akafumba macho. Upepo ulikuwa unaanza kuvuma.