Mwiba Tumboni mwa Kakakuona

Palikuwa na Kakakuona aliyemlea mwanawe kwa neno moja tu: jikunje. Mtoto akitetemeka, jikunje. Akifura kwa hasira, jikunje. Machozi yakimlengalenga, jikunje upesi, wasikuone.

Siku moja mwiba ulimchoma mtoto tumboni. Akajikunja kama alivyofunzwa, na kila alipojikaza, mwiba ukazidi kuzama.

Kanga, jirani yao asiyejua kunyamaza, akauliza, "Jirani, mwanao ana nini? Kanuna au anaumwa?"

"Sijui," mama akajibu. "Akijikunja, yote yanafanana tu."

Akambembeleza, akamkaripia, akavuta magamba kwa kucha. Mtoto hakufunguka. Damu ilipoanza kuchuruzika, mama naye alitaka kujikunja. Badala yake akalala chali, tumbo wazi, jambo ambalo mwanawe hakuwahi kuliona.

"Mwanangu," akasema, "moyo unanidunda, na miguu haina nguvu. Naogopa."

Magamba yakalegea kidogo. Sauti ndogo ikatoka ndani.

"Kumbe huko ndiko kuogopa? Basi nami naogopa, mama. Na hapa panauma."

Akafunua tumbo.