Ramani ya Romani

Sauti ya kike ilitoka kwenye dashibodi, ikasema maneno marefu ya Kijapani kwa adabu kubwa. Genoveva, aliyekaa kiti cha mbele, akaitikia:

"Marahaba, mwanangu."

Romani alicheka mpaka usukani ukayumba. Gari hili la kuazima lilitoka Japani na akili zake zote za Kijapani. Kwenye kioo chake cha ramani, hapa walipo palikuwa bluu tupu, utadhani wanaendesha juu ya maji.

"Mwache azungumze, shangazi. Mwenye kazi ni huyu," akasema, akiigonga simu aliyoibana mbele yake. Romani alikuwa fundi simu pale Kilwa Masoko, na kwa simu humwambii kitu. "Nimeshusha ramani ya Tanzania nzima tangu jana. Haitaki bando, haitaki mtandao. Tutafika Rondo kama tuna macho ya tai."

Na kufika ilikuwa lazima. Mdogo wake, Dominick, alikuwa anaoa siku hiyo huko Rondo, na pete zote mbili zilikuwa kwenye mfuko wa shati la Romani. Padri alishasema: saa nane kamili anaondoka kwenda kigango kingine. Jumatano ni Majivu, Kwaresima inaanza. Ikishindikana leo, bwana harusi atangoja mpaka Pasaka ipite, na Dominick kungoja chai tu ichemke ilikuwa kazi.

Genoveva alikuwa shangazi wa bibi harusi, Cecilia. Alikuja Masoko kwa shughuli zake, akapewa lifti ya kurudi. Kazaliwa Rondo, kakulia Rondo. Dereva mwingine angeshukuru Mungu kwa kumpata, maana Romani mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko.

Lakini Genoveva alikuwa Mmwera, na Romani Mmatumbi. Watani! Na mtani ukimwuliza njia, umekwisha. Tangu Nangurukuru alikuwa amemwambia mara tatu wageuze gari, bibi harusi kaghairi.

Walipoacha lami, mtandao ukakata. Manyunyu yakaanza, na njia zikawa zinagawanyika ovyo katikati ya mikorosho.

"Baada ya mita mia mbili, geuka kushoto," simu ikasema.

"Kulia," akasema Genoveva.

Romani akakata kushoto huku akipiga mluzi. Kwenye njia panda ya pili simu ikasema kulia, Genoveva akasema kushoto. Romani akaenda kulia, na raha ikamzidi.

"Shangazi, leo umekutana na mtoto wa mjini!"

"Hebu niambie, mtani. Hiyo ramani kachora nani?"

"Watu wa kujitolea. Mtu anatembea njia na simu mkononi, anairekodi, anaituma, inaingizwa. Wengi wao Wazungu."

"Hao Wazungu wamefika mpaka kwenye kisima cha akina Natalia?"

Romani akainamia kioo. Looo! Paliandikwa kabisa: Kisima cha Natalia.

"Umeona? Wamefika!"

"Wana miguu hao," akasema Genoveva, akageukia dirishani. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Saa saba na nusu ndipo mambo yalipoharibika. Simu ilisema kushoto, lakini kushoto kwenyewe palikuwa majani matupu, hata alama ya tairi hakuna. Kulia palikuwa na barabara nzuri, pana. Romani akasimamisha gari. Mwanamume mmoja akapita na baiskeli, ana gunia la mihogo.

"Mwulize yule," akasema Genoveva.

"Naye si Mmwera?"

"Huku wote Wamwera."

"Basi simwulizi!"

Dakika zikapita. Romani akajipapasa mfuko wa shati, pete zipo. Alimwona Dominick kwa mawazo, kasimama mbele ya altare na suti yake ya kukodi, macho mlangoni. Roho ikamuuma kweli.

"Shangazi, utani tuuweke kando," akasema kwa upole. "Nakuomba. Kulia au kushoto?"

Genoveva akageuka haraka, amemkazia macho.

"Simu yako imesemaje?"

"Kushoto."

"Basi fuata simu, baba. Fuata simu! Unamsikiliza Mmwera upotee?"

Romani akaona kamshinda. Akaingia kwenye majani. Matawi yalikwaruza milango, gari likaruka mara mbili, na yule mama wa Kijapani akalalamika sana. Ghafla mikorosho ikaisha, wakatokea nyuma ya kanisa. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, acha tu! Dominick alimkumbatia kaka yake mpaka miguu ikaacha ardhi. Padri akafungisha ndoa, akaondoka zake anacheka.

Jioni, chini ya turubai, wali ulipokwisha liwa, Romani aliombwa aseme neno kwa niaba ya ukoo. Akasimama kifua mbele, simu juu.

"Wakwe zangu, pete zimefika kwa sababu ya hii! Shangazi Genoveva kajitahidi kunipoteza kila njia panda. Sikumsikiliza hata neno moja! Nimemsikiliza aliyechora ramani hii ya Rondo. Simjui, wala sijui ni Mzungu wa nchi gani. Lakini leo kamwozesha mdogo wangu, na mimi namwombea kwa Mungu ambariki, ampe maisha marefu."

Hakuna aliyepiga makofi. Wanakijiji walitazamana, kisha mmoja mmoja wakageukia meza ya akina mama, wengine wameshaziba midomo kwa viganja.

Genoveva, ambaye kijiji kizima kilimwona akizitembea njia zile na simu mkononi, akasimama taratibu, akajifunga kanga yake vizuri, akasema:

"Amina, mtani."