Kiputo Ndani ya Mfupa

Siku hizi mtoto akivunjika mfupa usioungika, mzazi wake ndiye humfumia mwingine kwa nyuzi za katani na gundi, na sheria haimruhusu mtu baki kuugusa. Shekilua alimfumia binti yake Mboni mfupa wa paja, tena kwa majivuno. Jirani alipomsihi aisukume hewa itoke kabla ya kulaza tabaka jingine, alimfukuza.

"Mimi sifundishwi kumpenda mwanangu!"

Leo mpiga picha za mifupa alimwonyesha, kwenye picha ya paja la Mboni iliyopigwa jana, doa jeusi katikati ya matabaka. "Hiki ni kiputo cha hewa, kaka. Akitembea, nyuzi zinabeba. Akiruka, matabaka yataachana hapo, na ufa utatambaa mfupa mzima."

"Basi utoeni! Nitafuma upya!"

"Umeshashikana na mwili. Tukiung'oa, tunang'oa na mguu."

Shekilua alikimbia hadi nyumbani. Uani, Mboni alikuwa akiruka kamba, vumbi likitimka.

"Mboni! Acha! Simama hapohapo!"

"Baba yako anaogopa utatushinda!" wenzake walimtania.

Mboni alisimama. Shekilua akapiga magoti mavumbini, akalikumbatia paja lile kwa nguvu, kana kwamba mikono iliyoharibu ingeweza kuuzuia ufa.

"Usiruke tena, mama yangu. Nakuomba."

"Nimeshaacha, baba," Mboni alisema, naye sasa hacheki. "Mbona mfupa wenyewe bado unalia ndani, kama kuni mbichi motoni?"