Makaroni Yasiyo na Siri

Mtoto mdogo aliinamia sahani akaanza kuyanusa makaroni yangu kama askari anayekagua mzigo. Nilikuwa nimeyapika kwa maziwa na jibini tele, nikayaacha ndani ya oveni mpaka juu yakaiva rangi ya dhahabu.

"Anti, umeficha nini humu?" dada yake akauliza.

"Sijaficha kitu."

Wakatazamana. Yule dada akainua kipande kimoja kwa uma, akachungulia tundu lake kwenye mwanga wa taa. Tangu baba yao anioe nikashika jiko la marehemu mama yao, kila sahani yangu hupekuliwa hivyo. Uvumilivu ukaniishia.

"Mnadhani nimewatilia sumu?"

"Mama alikuwa anaficha karoti," mdogo akasema polepole. "Anaisaga laini kabisa, anadhani hatujui."

"Na mlikuwa mnakula?"

"Tulikuwa tunamwacha tu afiche."

"Basi haya siyo yale," dada yake akasema, akaisukuma sahani kwangu.

Nikaitazama ile sahani. Kisha nikainuka, nikafungua friji, nikatoa karoti.

"Geukeni huko," nikawaambia. "Na msinichungulie."