Mkono wa Kulia

Immakulata alifika wodini na basi la asubuhi kutoka Kasulu, akamkuta baba yake amefungwa mikono kitandani kwa bandeji, kama mwizi.

"Nani kamfanya hivi?"

"Mimi, dada," nesi akajibu, bomba la sindano lililojaa uji mkononi. "Anang'oa mpira wa kulishia. Kila nikimwambia tunakula, mkono unakwenda puani. Atakufa njaa."

Mpira ulining'inia puani kwa kipande kimoja cha plasta, kimelowa jasho, upande mmoja umeshabanduka. Immakulata akalifungua fundo la mkono wa kulia kwa meno.

"Dada, usimfungue!"

"Nyamaza! Mlishe, nione."

Nesi akainama. "Mzee, tunakula."

Mzee, aliyenyang'anywa maneno na kiharusi, akainua mkono wa kulia. Ukagusa paji la uso. Uliposhuka kifuani, kidole kikaukwaa mpira, plasta ikaachia. Mkono haukusimama. Ukaenda bega la kushoto, kisha la kulia.

Nesi akaliweka bomba pembeni.

Immakulata akaiokota bandeji, akamtupia nesi kifuani.

"Funga mpira. Baba yangu mwache asali."